Imefungwa

Isyonje, asubuhi moja ya Mei, ukungu haujanyanyuka,
lori la Gwamaka limewasha taa, linakohoa,
na mimi nimekaa juu ya lumbesa ya viazi,
simu mkononi, vidole vimekufa ganzi.
Nasoma: "Faida ya jana, shilingi mia mbili na kumi na tatu."

Mia mbili na kumi na tatu. Sikuipalilia.
Sikuipulizia dawa ya ukungu.
Imelala tu huko iliko, ikaamka imenenepa kidogo
kama mgeni aliyepewa kitanda kizuri.

Nilikuwa na mifuko miwili humo ndani.
Wa kwanza mlango wake ni pazia:
natia elfu tano, nachota elfu tatu,
mtungi wa jikoni, kata inaelea juu.
Wa pili ni wa muda. Miezi kumi na miwili.
Umeandikiwa tarehe, kumi na nne Novemba,
na kufuli dogo la kijivu limechorwa pembeni.

Mama angeelewa haraka.
Ghalani kwake palikuwa na viazi vya kula
na viazi vya mbegu, gizani, juu ya majani makavu,
vikitoa macho meupe.
Hata mwaka ule tulipolalia uji wa chumvi
hakuvigusa. "Mbegu haijui njaa yako," alisema.
(Pesa zenyewe alizificha kwenye kopo la maziwa.
Panya wakazalia humo. Tulikuta kipande cha noti,
kifaru aliyeng'olewa pembe kwa meno ya panya.)

Lakini nisijisifu.
Kufuli lile nililipendea jambo jingine.
Lugano, mdogo wangu, alipokuja kuomba ya pikipiki,
nilisema: Imefungwa.
Shemeji wa Kiwira, mchango wa sare za harusi:
Imefungwa.
Neno tamu! Mara ya kwanza tangu nizaliwe
nanyima bila kuinamisha uso.
Si mimi niliyekataa. Ni tarehe.

Basi Agosti, baridi ya kupasua midomo,
Lugano akapiga saa tano usiku.
Hakusalimia. Tuko hospitali, alisema,
Tumpe anapumua kama uzi wa katani
ukivutwa kwenye gunia.
Nilichota mtungi wote, laki moja na themanini,
ikatoka bila swali. Haikutosha.
Nikahamia kwenye kufuli.

"Ukivunja kabla ya muda, faida yote itapotea.
Je, una uhakika?"
Miezi tisa, na senti zake zote za usiku.
Hapana kushoto, Ndiyo kulia,
na kidole changu kina udongo,
simu haikitambui.
Nikakilamba. Nikakifuta kwenye kanga.
Ndiyo.

Tumpe alirudi Jumamosi na kofia ya sufu,
akala viazi vinne na maganda yake.
Baba yake alisimama mlangoni, hakai.
"Ndaga, dada. Ndaga fijo."
Kisha taratibu,
kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo:
"Kumbe huwa inafunguka."

Nilimwongezea chai.

Leo nimeuza lumbesa tatu, bei si mbaya.
Simu inauliza: miezi mitatu, sita, kumi na miwili?
Gwamaka anapiga honi, ana haraka ya Makambako.
Nachagua kumi na miwili. Kabla sijathibitisha
napunguza elfu arobaini,
nazitia kwenye mtungi wenye pazia,
maana usiku hausomi kalenda.

Na Lugano akiuliza, nitasema lile lile neno.
Atanitazama. Nitamtazama.
Atakunywa chai yake,
na pikipiki ataitafuta kwenye viazi vyake mwenyewe.